Mama Mkunga Anajibu: Mgonjwa aliyeshika kisu cha upasuaji

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, niko Kahama. Mwalimu wetu alitusimulia habari za Dk. Catherine Hamlin wa Ethiopia, akasema mgonjwa wake mmoja, mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma, alikuja kuwa mpasuaji na kufundisha madaktari. Wenzangu wanasema mwalimu ametia chumvi. Je, ni kweli? Na huyo daktari alipata wapi moyo wa kukaa kule maisha yake yote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie wenzako mwalimu hakuongeza hata punje. Jina la mama huyo ni Mamitu Gashe. Mwaka 1962, akiwa binti wa miaka kama 16, alikaa na uchungu siku nne. Mtoto alifariki, naye akabaki na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukimtoka bila kuuzuia. Alifikishwa Addis Ababa, hospitali ya Princess Tsehai, mikononi mwa Dk. Catherine na mumewe, Dk. Reginald Hamlin. Walimpasua, wakarudia tena, lakini alikuwa ameumia vibaya mno na hakupona kikamilifu.

Akabaki hospitalini. Alianza kwa kutandika vitanda na kuwahudumia wenzake. Baadaye akaingizwa chumba cha upasuaji kushika vifaa. Dk. Reginald akaona mikono ile imetulia, akaanza kumwelekeza hatua kwa hatua, mpaka ikafika siku anafanya upasuaji mzima mwenyewe. Madaktari waliotoka nchi nyingine kujifunza fistula walisimama pembeni yake wakimtazama. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu pamoja na Dk. Reginald. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, masomo ya jioni.

Usinielewe kwamba nakwambia vitabu havina maana; soma, tena soma sana. Ila upasuaji wa fistula una jambo lake. Unafanya kazi mahali pembamba, ndani, gizani, na nyama yenyewe imekufa kingo, ukivuta uzi kwa nguvu inachanika. Mkono unaojua pale ni ule uliorudia kazi hiyo miaka na miaka mbele ya mtu anayejua. Mamitu alipata miaka hiyo, na alipata walimu ambao hawakuuliza cheti chake.

Sasa huyo Dk. Catherine. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1924. Yeye na mumewe waliona tangazo kwenye jarida la kitabibu: Ethiopia inatafuta daktari wa kuanzisha shule ya wakunga. Walifika mwaka 1959 na mtoto wao mdogo wa kiume, kwa mkataba wa miaka mitatu. Fistula walikuwa hawajawahi kuiona, maana kwao mama akikwama kujifungua hupelekwa chumba cha upasuaji kabla hajaumia. Ilibidi wajifunze kwa kusoma maandishi ya waliotangulia, akiwemo Profesa Mahfouz wa Cairo. Habari zikasambaa vijijini kwamba kuna mahali wanatibu ugonjwa ule, wanawake wakaanza kumiminika, na wengine walitembea siku nyingi kwa sababu abiria wenzao hawakukubali kukaa nao basi moja.

Mwaka 1974 wakafungua hospitali yao ya fistula peke yake, matibabu bure. Ndio mwaka Mfalme Haile Selassie alipopinduliwa. Wageni wengi walifunga mizigo, wao walibaki. Mwaka 1993 Dk. Reginald akafariki. Catherine alikuwa na miaka 69, umri ambao mtu yeyote angemruhusu arudi kwao apumzike. Akaendelea kupasua hadi alipopita miaka 90, akafia Addis Ababa, nyumbani kwake, tarehe 18 Machi 2020, akiwa na miaka 96. Hospitali zake zilikuwa zimeshatibu wanawake zaidi ya 60,000.

Umeuliza moyo aliupata wapi. Yeye mwenyewe alisema ni imani yake ya Kikristo, na mimi namwamini. Lakini naongeza langu, kwa kuwa nimezeeka wodini. Kazi hii inakulipa kwa kukuonyesha. Mama anaingia ameinamisha kichwa, hataki hata kumwamkia muuguzi. Baada ya wiki chache kitanda chake asubuhi ni kikavu, anakipapasa kwa kiganja, anapapasa tena, kisha anacheka. Pale Addis, mgonjwa akiruhusiwa hupewa gauni jipya la kwendea nyumbani. Ukishaona hayo, mkataba wa miaka mitatu unausahau.

Na wasiopona je? Kwao kilijengwa kijiji kiitwacho Desta Mender, nje kidogo ya mji, waishi na kufanya kazi kwa heshima. Tena mwaka 2007 kikafunguliwa chuo cha wakunga, kinachochukua wasichana wa vijijini ili wakihitimu warudi kwao. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mpasuaji anaziba tundu. Mkunga aliye karibu anafanya lisitokee. Ndiyo kazi unayoisomea, mwanangu.

SWALI: Mama, wifi yangu alijifungua kwa shida mwaka jana, mtoto akafariki. Tangu hapo mkojo unamtoka usiku na mchana. Mumewe amemrudisha kwetu. Mama mkwe anasema ni mkono wa mtu, na hela za hospitali kubwa hatuna. Nifanye nini? Msomaji wa Urambo.

JIBU: Pole sana, na mfikishie pole wifi yako. Hakuna aliyemroga. Mtoto alikwama kwenye nyonga kwa muda mrefu, kichwa kikabana kibofu dhidi ya mfupa, damu ikashindwa kupita, nyama ikafa na kuacha tundu. Kilichomuumiza ni kuchelewa: pengine kuchelewa kuamua nyumbani, pengine usafiri, pengine kusubiri huko huko kituoni.

Nina hakika sasa hivi anakunywa maji kidogo ili asilowe. Wengi niliowahudumia walifanya hivyo. Namkumbuka mmoja, alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, kipande cha khanga kimekunjwa mara nne chini yake, midomo imekauka. Mapaja yalikuwa na vidonda, kwa sababu mkojo ukikosa maji unakuwa mkali na kuchoma ngozi. Wifi yako anywe maji mengi, aoge kila mara kwa maji safi, akishajikausha ajipake mafuta mazito ya mgando.

Kisha mpeleke kituo cha afya na mlitaje jina lenyewe: fistula. Waombeni rufaa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetibu wanawake hawa bila malipo kwa miaka mingi, na hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo hutibu fistula. Ulizeni hapo kituoni pia kuhusu msaada wa nauli kabla hamjauza mbuzi. Wengi hupona kwa upasuaji wa kwanza. Akipona, mimba nyingine ikija, ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, na awaambie mapema kwamba alishawahi kushonwa fistula.

Kwa wasomaji wengine: mama akianza kuvuja mkojo siku chache tu baada ya kujifungua, msingoje mwaka. Akiwekewa mpira wa mkojo mapema na kukaa nao kwa wiki kadhaa, tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe bila kisu.

Nenda naye, asiende peke yake. Bebeni khanga kuukuu za kutosha na kipande cha plastiki cha kukalia ndani ya basi, na mkate tiketi ya siti ya dirishani.