Usanisi "wa bure" wa metali?

Swali: Nasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma. Utafiti wangu unahusu kutengeneza kampaundi za pete, yaani zile ambazo atomi zake zimeshikana kwa duara, kama piridini, bila kutumia metali. Kichwa cha tasnifu kwa Kiingereza kina "metal-free synthesis". Nilikiingiza kwenye programu ya kutafsiri, ikanipa "usanisi wa bure wa metali" (usanisi ni kutengeneza kampaundi maabara). Mwenzangu anasema niandike "usio na madini". Nimfuate nani?

Jibu: Usimfuate hata mmoja. Zabibu za bure pale Soko la Majengo ni zile ulizoonjeshwa bila kulipa. Kwa hiyo kichwa hicho kinasema metali zinatengenezwa na hakuna anayedaiwa senti. Au kwamba kazi nzima imekwenda bure, na hilo msimamizi wako asingependa kulisoma kwenye jalada.

Mwenzako amekaribia, ila madini ni chochote cha asili kichimbwacho ardhini. Jasi ya Itigi ni madini, chumvi ni madini, na hakuna kati yake iliyo metali. Dhahabu ni vyote viwili, ndiyo maana watu huchanganya. Mnachokikwepa ninyi maabara ni paladiamu, shaba na jamaa zake, ambazo mabaki yake yakibaki kwenye dawa ni lazima yasafishwe, tena kwa gharama. Iodini, ambayo mara nyingi hushika nafasi ya metali hizo kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, si metali.

Mimi ningeandika "usanisi usiotumia metali". "Usio na metali" si kosa la sarufi, lakini tunaposema chai isiyo na sukari tunaieleza chai yenyewe. Wewe unaeleza njia: piridini haina metali ndani yake hata ukiitengeneza kwa paladiamu.

Kabla hujachapa, niambie: kwenye chupa ulitia potasiamu kabonati? Potasiamu nayo ni metali! Kama uliitia, andika "usiotumia metali za mpito", yaani kundi la kina paladiamu na shaba ambamo potasiamu haimo, la sivyo mtahini atakubana.

Umeziita "kampaundi za pete" tu, lakini benzini nayo ni pete, na yake ni ya kaboni tupu. Piridini ina kaboni tano na naitrojeni moja. Napendekeza "pete mseto". Mkulima wa Kongwa anayepanda mtama na kunde shamba moja anaita kilimo mseto, na wazo ni lile lile. Usiseme "pete mchanganyiko". Katika kemia mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana, na hapo umeshatoka kwenye kampaundi.