UPS inayolia mara moja na kuzima kila kitu: usiamini taa ya betri

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba UPS yako (kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme gridi ikikatika) ya 650 VA ilikuwa ikiiwezesha kompyuta kuendelea kwa zaidi ya dakika kumi, na sasa, baada ya miaka minne, umeme ukikatika inalia mara moja na kila kitu kinazimika papo hapo, ilhali taa yake inaonyesha kwamba betri imejaa. Nimetunza vifaa vya aina hiyo kwa miaka mingi, na tatizo kama lako liliwahi kunipotezea wiki nzima, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

UPS ndogo nyingi ni za kusubiri. Umeme wa gridi ukiwapo, hupita tu ndani yake hadi kwenye kompyuta, huku chaja ikiidumisha betri ya volti 12 kwenye volti 13.5 hadi 13.8 hivi. Umeme ukipotea, saketi inayouchunguza hutambua, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) hugeuka, na inveta huanza kuubadilisha umeme wa DC wa betri kuwa wa AC, kama ule wa ukutani. Shughuli hiyo huchukua milisekunde chache, kwa kawaida kati ya 4 na 10, na katika muda huo kompyuta kwa hakika haipati umeme wowote. Inaendelea kufanya kazi kwa sababu kapasita za pawasaplai yake (sehemu inayoigawia kompyuta umeme) zimehifadhi nishati ya kuivusha kwa milisekunde 16 au zaidi kidogo. Aina nyingine huongeza transfoma ya kupandisha na kushusha volti bila kuigusa betri, na zile za gharama kubwa huiendesha inveta wakati wote, hivyo hazina pengo hata kidogo, ila hutoa joto na feni zake hazinyamazi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. UPS niliyokuwa nayo ilipoanza tabia kama ya kwako, nilipima betri kwa multimita nikapata volti 12.8, nikaamua kwamba betri ni nzima na mgonjwa ni bodi. Nikabadilisha rilei, nikashuku transista, nikachomelea upya viungo ambavyo havikuwa na kasoro yoyote. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akinitazama kwa huruma aliniambia niiunganishe betri hiyo na balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, kisha nipime tena huku balbu ikiwaka. Volti ziliporomoka hadi chini ya 9 kabla sijahesabu hadi kumi.

Betri ya asidi na risasi inapozeeka, bamba zake hujaa salfeti na majimaji yake hukauka, hivyo ukinzani wa ndani hupanda. Ikiwa imetulia bila mzigo, volti zake huonekana nzuri kabisa. Ikidaiwa mkondo mkubwa, volti huanguka, na UPS, ambayo kwa kawaida hujizima betri inapofika kwenye volti 10.5 au karibu na hapo, hudhani betri imekwisha. Taa ya kujaa nayo si shahidi wa kutegemewa, kwa maana chaja huangalia volti tu, na betri iliyobakiwa na uwezo mdogo hujaa upesi kuliko nyingine yoyote.

Hata betri mpya usiihesabie zaidi ya inachoweza. Ile ya volti 12 na 7 Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na ukizigawa kwa mzigo wa wati 200 unapata dakika 25. Hutazipata. Kipimo hicho cha 7 Ah huchukuliwa kwa kuitoa betri umeme wake taratibu kwa saa 20, yaani ampea 0.35, ilhali wati 200 pamoja na upotevu wa inveta huivuta karibu ampea 20. Kwa kasi hiyo, utapata chini ya nusu ya dakika hizo.

Kabla ya kuifungua, izime na uchomoe waya wake ukutani, kwa kuwa katika baadhi ya UPS hata ncha za betri za kuunganishia waya hazijatenganishwa na umeme wa gridi. Nunua betri yenye volti, Ah na vipimo vilevile, na kama ziko mbili, badilisha zote kwa pamoja. Tazama pia mahali UPS ilipokaa. Betri hizi hupimiwa umri katika nyuzi joto 20 hadi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 8 hadi 10 zinazoongezeka huukata umri huo takriban nusu. Yangu ilikuwa nyuma ya kabati, inapulizwa hewa ya moto ya kompyuta mchana kutwa, na ilikuwa imevimba kiasi cha kukataa kutoka kwenye nafasi yake.

Ikiwa betri mpya haitaondoa tatizo, kumbuka kwamba 650 VA (volti-ampea) si wati 650; mara nyingi ni wati 360 hadi 390 tu. Printa ya leza iondoe kabisa, kwa maana hita yake huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Kisha weka taa za wati sawa na za kompyuta mahali pa kompyuta, na ukate umeme. Taa zikibaki zinawaka, UPS ni nzima na kasoro iko kwenye pawasaplai, ambayo huenda haipatani na wimbi la umeme la ngazi-ngazi, lisilo laini kama la gridi, linalotolewa na inveta za bei nafuu. Jaribio hilo lifanye baada ya kuiacha betri mpya ichaji kwa angalau saa nane, na usianze na kompyuta yenye kazi ambayo hujaihifadhi.