Puligny-Montrachet si Montrachet: soma lebo kabla hujalipa

Ndugu, umesema muuzaji anakupa mvinyo mweupe wa Puligny-Montrachet kwa bei nafuu na kudai ndiyo Montrachet yenyewe, nawe unataka kumzawadia baba mkwe. Usilipe kwanza.

Montrachet ni shamba moja tu la mizabibu huko Bourgogne, Ufaransa. Lina kama hekta 8, na mpaka wa vijiji vya Puligny na Chassagne unalikata. Mwaka 1879 vijiji vyote viwili vilijiongezea jina la shamba hilo ili vifaidi sifa zake. Mkanganyiko wako umetoka hapo.

Kwa hiyo soma lebo. Mvinyo wa shamba lenyewe huandikwa "Montrachet" au "Le Montrachet", pamoja na "Grand Cru", yaani daraja la juu kabisa la mashamba ya Bourgogne. Jina la Puligny likitangulia, zabibu zimetoka mashamba mengine ya kijiji. Mara nyingi ni mvinyo mzuri sana, na kwa zawadi mimi ningeuchukua bila kusita, ila kwa bei yake halali.

Ukiamua kununua Montrachet yenyewe, jua kwamba ni Chardonnay, aina ya zabibu nyeupe, iliyoota kwenye udongo wa chokaa: nzito, yenye uchachu imara, na huhitaji miaka mingi kukomaa. Chupa ya zamani imulike kwa taa. Mvinyo wake ukiwa na rangi ya kahawia, iache. Mvinyo wa bei hiyo pia hughushiwa, kwa hiyo dai risiti zinazoonyesha ilikopitia na umlipe mtaalamu wa mvinyo aikague. Muuzaji akikataa ikaguliwe, ondoka.

Baba mkwe asiinywe ikiwa baridi ya friji. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha.