Maswali Yenu: Simu Moja, Watoto 90

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa walimu. Labda ni kwa sababu term imeanza. Nimechukua nne.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili S.2 (mwaka wa pili sekondari) hapa Arua, Uganda, darasa lina watoto 90 na kitu, wao hawaruhusiwi kuja na simu, simu ni yangu tu na kioo chenyewe kimepasuka kona. Kila nikienda semina naambiwa apu za Kahoot, Google Classroom, Padlet, narudi nyumbani nimechoka tu. Wewe kazini unatumia nini kweli kweli, sio vya semina?
*Mwalimu wa S.2, Arua*

Marahaba mwanangu. Hiyo ya semina imenichekesha maana na mimi nimekaa semina kama hizo, projekta inawaka, chai na chapati zipo, waifai ya bure, kila mtu ana simu mkononi, Kahoot inachangamka ajabu, halafu Jumatatu unasimama mbele ya darasa ambalo simu iliyopo ni ile iliyo mfukoni mwako. Kahoot inataka walau kila kikundi kiwe na kifaa. Iweke kando kwanza.

Mimi naipenda apu ya Plickers kuliko zote na nitaisema mpaka mnichoke. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi, unafanana na zile QR code za kuskani dukani ila kila kadi ina umbo lake na namba yake. Pande zake nne ndio A, B, C na D. Unauliza swali, mtoto anageuza kadi mpaka jibu lake likae juu, anainua, wewe unapitisha kamera ya simu darasani polepole kama mtu anayepiga video ya harusi, simu inasoma nani kajibu nini. Basi. Herufi kwenye kadi ni ndogo, jirani hachungulii kirahisi, na yule mtoto wa dawati la nyuma ambaye tangu term ianze hajafungua mdomo naye kajibu.

Utaniuliza, 90 wataenea? Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa ina 63, hawaenei. Nilichofanya ni wawili wawili kadi moja. Nilidhani nimeharibu, kumbe hapo ndipo utamu ulipo, maana kabla ya kuinua lazima wakubaliane, unasikia wanabishana kwa kunong'ona, "ni *li* bana, jicho *li*naniuma, sio *i*naniuma", na mimi hapo sijafundisha kitu bado.

Kwenye kuprinti nisikilize vizuri maana nilishaunguza pesa. Mara ya kwanza nilipeleka seti nzima ikalaminetiwe ile ya kung'aa, nikajiona bingwa, kufika darasani mwanga wa dirishani unapiga kwenye plastiki na kamera haisomi hata kadi moja upande ule. Sasa nafotokopi karatasi ya kawaida nabandika kwa gundi kwenye maboksi ya sabuni.

Na faida yake sio maksi. Nimefundisha Masaka, baadaye nikaja Koboko. Masaka ngeli za KI-VI na M-MI zilikuwa mteremko, mtoto nyumbani kwa Kiganda anasema *ekitabo, ebitabo*, anasema *omuti, emiti*, ukimpa kitabu na vitabu, mti na miti, anakuangalia kama unamfundisha kutembea. Nikaenda Koboko na mwendo uleule wa Masaka, nauliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyo mwalimu!" kwa sauti moja. Siku ya kwanza na kadi nikaona zaidi ya nusu ya darasa wameinua jibu lisilo sahihi. Kilugbara na Kikakwa havina ngeli za namna hiyo, mtoto anaanza kutoka sifuri, na mimi term nzima nilikuwa nadanganywa na ile "ndiyo mwalimu". Hapo Arua nadhani unajua ninachosema.

Nyabo mwalimu, hizo app zote zinakula MB, na bando lenyewe nanunua kwa pesa yangu. Kuna kitu cha kufundishia bila intaneti?
*Mwalimu wa Geography, Kasese*

Kipo, na mimi ndio navitegemea zaidi. Tangu ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ilipoondolewa Julai 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo kila bando unalonunua umeshakatwa. Na Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, si intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa? Tangu hapo kitu kisichofungua bila mtandao mimi sikiiti kifaa cha kazi, nakiita mgeni.

Anza na Kiwix. Ni apu ya bure, unapakua Wikipedia nzima mara moja inakaa kwenye simu, unasoma hata ukiwa kijijini hakuna netiweki. Usije ukabonyeza ile ya Kiingereza yenye picha zote, inazidi GB 90, utalia. Chukua ya Kiswahili ambayo ni ndogo, au ile ya mada moja tu, kuna ya jiografia. Pakua ukiwa mahali penye waifai, mimi huwa nashuka mjini Jumamosi, naagiza chai, na kikombe kimoja nakaa nacho masaa mawili, mhudumu ameshanizoea.

Kama shule ina laptopu hata kuukuu, tafuta Kolibri, programu ya masomo. Unaijaza masomo mkiwa na intaneti, baadaye laptopu inakuwa kama kituo, vifaa vilivyo karibu vinaunganishwa nayo kwa waifai ya ndani bila MB hata moja. Kuiweka mara ya kwanza inasumbua, siwadanganyi, mtafute yule kijana wa ICT mumnunulie rolex, ile chapati ya mayai.

Kwa kusikiliza, sisi wa Kiswahili tuna bahati, BBC Swahili na DW Kiswahili wana vipindi vya kupakua. Napakua usiku, asubuhi naingia na spika ndogo ya bluetooth, dakika nne za habari halafu maswali. Ila chaji spika mapema, Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, huisha siku unayoihitaji.

Mwalimu, binti yangu wa S.3 alipewa project ya likizo, kaandikiwa yote na ChatGPT, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Nimwache au nimchape?
*Mama wa Mbale*

Usimchape mama. Muombe akusimulie hiyo project kwa mdomo, mezani, bila karatasi. Akiweza, basi amejifunza kitu. Akikwama sentensi ya pili, anarudi kuandika na nyote mmejua.

Lakini lawama nyingine ni yetu walimu. Ukimpa mtoto "andika insha kuhusu umuhimu wa maji" unategemea nini? Mimi sasa project zangu lazima ziwe na kitu cha hapohapo: bei za nyanya sokoni kwenu wiki tatu mfululizo, au maneno matano ya zamani aliyokwambia bibi. ChatGPT haimjui bibi yake. Na mimi naitumia, sifichi, inanisaidia kutunga maswali haraka usiku, ila niliiomba methali ikanipa moja nzuri kabisa ambayo hakuna mzee hata mmoja niliyemuuliza aliyewahi kuisikia.

Maksi za CA, zile za kazi za darasani, unatunza wapi? Daftari langu lilinyeshewa kwenye boda.
*Mwalimu, Busia*

Pole sana ssebo. Na zile ni asilimia 20 ya matokeo ya mtoto kwenye mtihani wa taifa wa UNEB, sio za kuchezea. Mimi natumia Google Sheets, jedwali moja kwa kila darasa, nimewasha sehemu ya kutumia bila mtandao, najaza palepale darasani, nikipata netiweki zinapanda zenyewe. Kila Ijumaa natuma nakala kwenye WhatsApp yangu mwenyewe, ndiyo, unaweza kujitumia meseji. Daftari bado ninalo, mkuu wa shule analitaka lenye wino, ila sasa nalibeba ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki.