Mwigizaji asilipwe kwa kinachobaki

Swali lenu la wiki hii lauliza nini kifanyike ili wasanii wa jukwaani waishi kwa kazi yao. Mimi nimeigiza hapa Mombasa miaka mingi, na jibu langu ni moja: mwigizaji alipwe kuanzia mazoezini.

Tazameni hesabu inavyofanywa usiku wa onyesho. Watu wakishatoka, mtayarishaji anakaa na pesa za mlangoni na zile zilizoingia kwa M-Pesa. Mwenye ukumbi keshachukua zake kabla pazia halijafunguliwa. Fundi wa sauti hawashi mashine bila malipo ya awali, na wa tuktuk aliyebeba makochi ya jukwaani hajui habari ya "subiri kidogo". Kinachobaki ndicho wanachogawana waigizaji, nao wamefanya mazoezi wiki nzima nzima kwa nauli yao wenyewe. Pakikosa kubaki kitu, wanaambiwa, "Si mmejulikana?" Sijaona duka la Kongowea linalouza unga kwa kujulikana.

Afueni huja msimu wa tamthilia za shule. Wanafunzi wanajaa ukumbini, yanachezwa maonyesho mawili kwa siku, mfuko unatabasamu. Msimu ukiisha, kimya. Ndiyo maana hata SHA, bima ya afya ya serikali, inawashinda wengi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipia mwaka mzima, na 3,600 za mkupuo si mchezo kwa mtu wa kibarua.

Watayarishaji watasema hawana pesa. Sawa, basi chagueni mchezo wa watu wanne wanaolipwa, muache ule wa kumi na wawili wa ahadi. Andikeni karatasi moja tu: siku za mazoezi, posho, nauli ya usiku (dada wa Kisauni au Likoni atafikaje kwao saa nne?), malipo onyesho likiahirishwa, na nani anaruhusiwa kurekodi. Hilo la kurekodi tunalidharau, ilhali Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yampa mwigizaji haki juu ya onyesho lake.

Kaunti nayo ina kumbi za jamii, kama ule wa Tononoka. Itupe asubuhi za katikati ya wiki, wakati hakuna harusi wala mkutano, tufanyie mazoezi bure. Pesa tutakayookoa iwe ndiyo posho ya kwanza.