Wakikwambia Mzee "Ametulia", Uliza Kapewa Nini

Dada mmoja wa Makambako ameniandikia wiki hii. Baba yake yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, anasahau hata majina ya wanawe, na siku hizi anasinzia kutwa nzima. Nesi kamwambia, "Shukuru Mungu, mzee ametulia." Sasa dada anauliza: nikihoji, si nitaonekana sina shukrani?

Utaonekana hivyo. Mimi nilijadiliwa na ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp. Hoji tu.

Mama yangu ni Mhehe wa Kilolo. Ugonjwa wa kusahau ulipozidi tulimpeleka kwenye nyumba ya wazee, kwa kuwa mimi niko Mbeya na duka langu Mwanjelwa, na kaka zangu wako Dar. (Waliosema kwa sauti kubwa kwamba apelekwe ndio walionisema baadaye. Tuyaache.) Usiku mama alikuwa anaamka, anagonga milango, anadai anawahi shambani kupalilia mahindi. Wakaanza kumpa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kila jioni.

Nilipokwenda kumwona, salamu ya "kamwene" hakuiitika. Alikuwa amekakamaa kwenye kiti, mate yanamtoka, mikono inatetemeka kama ya mtu aliyepigwa na baridi ya Njombe alfajiri. Kwa ajili ya huo mtetemeko walishamwongezea benzeksoli, ambayo kwa mzee mwenye kusahau huzidisha kuchanganyikiwa. Dawa ya kutibu dawa! Nikauliza nani kaandika. Daktari aliandika ya siku chache tu, kwa sababu ya usiku mmoja wa vurugu. Siku zikaisha, vidonge vikaendelea. Mhudumu wa zamu alikuwa peke yake usiku na wazee wengi. Hilo nalielewa, lakini uchache wa wahudumu hautibiwi kwa kumlaza mama yangu.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alianza na mkojo: UTI. Mzee akichafukwa akili ghafla, akaniambia, tafuta kwanza maambukizi, maumivu, choo kigumu, kiu. Akatibu UTI, akapunguza haloperidoli kidogo kidogo. Mama bado anasahau, ila sasa ananigombeza kwa Kihehe kwamba nimekonda, na anamaliza ugali wake.

Wanaoniita mjuaji wasikie. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1987, ni marufuku nyumba ya wazee kumpa mtu dawa ili kumwadhibu au kuwarahisishia wahudumu kazi. Mwaka 2005 mamlaka yao ya dawa iliangalia majaribio 17 ya dawa mpya za aina hii kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ikakuta waliozimeza walikufa kwa kiwango cha takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya wasiozimeza, ikatoa onyo. Mwaka 2008 onyo hilo likaongezwa kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Na huko, dawa ya aina hii ikiandikwa "apewe akihitaji", mwisho ni siku 14; kuiandika tena, daktari lazima amwone mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo dada, uliza: dawa gani, kaandika nani, kwa tatizo gani, mwisho lini? Wakikujibu "ya kumtuliza", rudia: kwa tatizo gani? Usiondoke bila jibu lililoandikwa. Na usije ukavitupa vidonge kwa hasira. Diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, ikikatwa ghafla baada ya muda mrefu inaweza kuleta degedege. Kupunguza ni kazi ya daktari. Sisemi dawa hizi ni sumu. Yupo mzee anayeona watu wasiokuwepo, anashika panga usiku. Huyo huenda akazihitaji, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, huku anaangaliwa.

Baada ya kelele zangu, nyumba ile sasa ina daftari: dawa, sababu, tarehe ya kuisha, saini ya ndugu. Najivuna, ndiyo, na kwenye lile grupu hakuna aliyeandika hata "hongera".

Nenda siku ya kazi bila kuwapigia simu, mkute baba saa nne asubuhi, wakati ambao mtu aliyelala vizuri usiku anatakiwa awe macho. Piga picha cheti chake cha dawa, umpelekee daktari wa hospitali ya mkoa. Kaka zako watanuna. Watajie zamu ya kukesha na mzee.