Maswali ya Wasomaji: Fidla ya Kwanza ni ya Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Katuba. Binti wa kaka yangu ana umri wa miaka 19, na kwa miaka 6 amekuwa akijifunza fidla, au violoni kama wengi wetu tunavyoiita. Parokia yetu ilipounda kikundi cha vyombo cha kusindikiza kwaya wakati wa Pasaka, mwongozaji alimpa kiti cha mbele kijana wa kiume aliyeanza kujifunza mwaka juzi, na binti yetu akaketishwa nyuma, karibu na ngoma, akiambiwa kwamba hata huko Ulaya wanawake huimba na wanaume ndio wapigao vyombo. Baba yake, badala ya kumtetea, anasema heri aache kabisa muziki wa Wazungu. Je, maneno ya mwongozaji ni ya kweli? Nami nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima? — Shangazi, Lubumbashi.

JIBU: Mama, mwongozaji wenu hakuyazua hayo, habari zake zimechakaa tu. Vienna Philharmonic, okestra (kundi kubwa la wapiga vyombo) ya huko Austria, iliwanyima wanawake uanachama kamili hadi mwaka 1997, na wa kwanza kupokelewa, Anna Lelkes, alikuwa amepiga kinubi pamoja nayo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuhesabiwa kuwa mwenzao. Ile ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1882, ilimwajiri mpiga fidla wa kwanza wa kike mwaka 1982, yaani baada ya karne nzima.

Huko Marekani mlango ulifunguliwa kwa kitambaa. Okestra ya Boston ilijaribu kuwasikiliza waombaji kazi kutoka nyuma ya pazia mwaka 1952, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyingine nyingi zikafuata. Mwombaji huitwa kwa namba, hupiga vipande vilevile walivyopewa wenzake, wala haruhusiwi kutamka neno, maana sauti ingemfichua. Baadaye watu waligundua kwamba hata viatu husema: kisigino cha mwanamke kikigonga mbao za jukwaa, wasikilizaji wameshajua. Basi likatandikwa zulia, na mahali pengine waombaji wakatakiwa kuvua viatu kabisa. Habari hii ya viatu hunifikirisha kila mara, kwani inaonyesha kwamba majaji waliojiona wanasikiliza muziki peke yake walikuwa wakisikiliza na mambo mengine.

Hadi karibu mwaka 1980, hakuna hata moja kati ya okestra 5 kubwa za Marekani iliyokuwa na wanawake zaidi ya 12 katika kila wanamuziki 100. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alichapisha pamoja na Cecilia Rouse mwaka 2000 utafiti uliolihesabia pazia sehemu ya ongezeko la wanawake lililofuata. Wapo wanaohoji uzito wa hesabu hizo, lakini mimi sijasikia hoja ya kunishawishi turudi kwenye majaribio ya kutazamana usoni.

Hata hivyo, pazia halimsaidii asiyefika mbele yake. Fidla ni ghali na mwalimu hulipwa miaka mingi, ndiyo maana Weusi wamebaki wachache katika okestra hizo, jambo lililomfanya mkosoaji wa gazeti la New York Times, Anthony Tommasini, apendekeze mwaka 2020 kwamba pazia liondolewe ili asili ya mtu nayo iangaliwe. Naona amekosea mahali pa kutibu. Kidonda kiko kwa mtoto wa miaka 8 asiye na fidla. Huko London, Chi-chi Nwanoku, mpiga besi, ile fidla kubwa ya sauti nzito, hakungoja mjadala uishe: mwaka 2015 aliunda Chineke!, okestra ambayo wanamuziki wake wengi ni Weusi na watu wa asili nyingine zisizo za Kizungu.

Kuhusu baba yake binti, mkumbushe Kinshasa, ambako Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Wakimbangu, alianzisha okestra ya kanisa hilo mwaka 1994 kwa fidla chache zilizopokezwa mkono kwa mkono, na uzi ulipokatika waya wa breki ya baiskeli ukatumika. Tena karibu nasi, kule Kamina, mwaka 1958 iliimbwa Missa Luba, misa ya Kilatini katika mahadhi ya Kiluba. Aisikilize kwanza, kisha aseme ni ya nani.

Mwongozaji msimwendee na lawama. Msubiri baada ya Misa, umsalimu, kisha umwombe kama anayeomba msaada: kabla ya sikukuu ijayo, vitenge viwili vifungwe kati ya nguzo za kanisa, wapiga fidla wote wapige wimbo mmoja wakiwa pekupeku, naye asikilize pamoja na wazee wawili wa kwaya. Mweleze kwamba hivyo, yeyote atakayemkalisha mbele, hakuna familia itakayomnung'unikia.

Na kijana yule akishinda, binti arudi nyuma bila kinyongo. Ila ombeni kiti chake kisogezwe mbali na ngoma, maana hapo hata yeye mwenyewe hawezi kuisikia fidla yake.